Gobori la Lennart na Kitanda cha Wilondja

Juzi nilisahau mayai jikoni. Niliyateleka, nikaenda chumbani kubishana na mwanangu kuhusu soksi, na kesi ya soksi na mtoto wa miaka sita haiishi upesi. Maji yakakauka. Yai moja likapasuka kwa kishindo kilichonirusha, nikakimbilia jikoni na kukuta maganda hadi kwenye pazia. Moshi haukuwa mwingi, lakini harufu ilikuwepo, ya yai lililoungua na kiberiti kilichowashwa papo hapo, na badala ya kuzima jiko nikasimama katikati ya jikoni kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Mamma, det stinker," mwanangu akasema mlangoni, amevaa soksi moja.

Kweli, palinuka. Lakini pua yangu ilikuwa imeshafika mbali. Ile ilikuwa harufu ya koti la Baba.

Baba tumemzika majira haya ya kuchipua, hapa hapa Stockholm. Wenzangu mliozika mzazi ugenini mnajua mambo yalivyo. Unasubiri zamu ya kuzika kama unavyosubiri daktari wa meno, kisha siku inafika, waimbaji wa kanisani wanaimba wamevaa glavu, na watu wa makaburi wanasimama pembeni na kimashine chao wakingoja mmalize. Siku hiyo sikulia. Watu walinisifu, wakasema nina moyo. Sikuwa na moyo wowote, nilikuwa nimekauka tu. Nimelia juzi, juu ya mayai.

Tulikaa Bredäng, ghorofa ya sita, katika mojawapo ya majengo yale marefu yanayofanana hata wageni wetu walikuwa wakibisha hodi kwa watu wengine. Tulikuwa watatu, Baba, Mama na mimi, na nyumba ilikuwa na kitanda cha wazazi, kochi langu, na kitanda cha Wilondja. Wilondja ni kaka yangu. Simkumbuki. Siku tulipokimbia kwetu, kule milimani juu ya Ziwa Tanganyika, mimi nilikuwa mgongoni kwa Mama, na yeye alikuwa kijana ambaye sauti yake ndiyo kwanza inaanza kukwaruza. Tulipofika ziwani akakumbuka kwamba Bibi, mwenye mguu mbovu, amebaki nyuma. Akarudi kumchukua. Mashua haikungoja.

Tulikaa kambini Tanzania, tukaletwa Sweden, na kila tulipofika Mama alimtafutia Wilondja mahali pa kulala kabla ya kunitafutia mimi. Bredäng alipewa chumba kidogo chenye dirisha. Kitanda chake kilitandikwa shuka za buluu, na kila zamu yetu ya kufua ilipofika shuka hizo zilivuliwa, zikafuliwa na kupigwa pasi, ingawa hakuna aliyezilalia. Kanisani na dukani watu walimwita Mama Wilondja, kwa jina la mzaliwa wa kwanza kama desturi ilivyo, na Baba alikuwa Baba Wilondja. Mimi Sifa nilikuwa kama nyongeza ya ndizi sokoni. Sikumchukia kwa hilo. Nilimngoja kwa hamu kuliko walivyojua, maana shuleni kulikuwa na mvulana aliyekuwa akinivuta nywele, na nilikwisha kumwahidi kwa Kiswidi fasaha kwamba kaka yangu yuko njiani.

Lennart tulimpata kwa sababu ya shuka hizo. Katika majengo yetu chumba cha kufulia, tvättstuga, ni cha wote, na kila nyumba inaweka kikufuli chake ubaoni kushika saa yake. Mswidi atakusamehe mengi, lakini ukimlia zamu yake ya kufua umemtangazia uadui. Siku moja Mama alipitiliza. Mzee wa ghorofa ya chini, dereva wa basi mstaafu, akaingia na kapu lake na kumkuta bado anakunja shuka la Wilondja. Mama akajiandaa kugombezwa. Mzee akaweka kapu chini, akashika ncha mbili za shuka upande wa pili, wakalikunja pamoja. Mikono yake ilikuwa na ugonjwa wa kutetemeka, na Mama alisimulia baadaye kwamba shuka lote lilikuwa likitikisika humo ndani bila upepo.

Jioni hiyo nilitumwa kumpelekea sombe, yaani kisamvu, na samaki. Kesho yake sahani ilirudi na mikate ya mdalasini juu yake. Mama akaitazama kwa heshima.

"Huyu muzungu anajua kama sahani hairudishwaki tupu," akasema, na tangu hapo Lennart akawa mtu wetu.

Mke wa Lennart alikuwa amefariki. Alichobaki nacho ni bunduki za kale. Alizinunua mnadani zimekula kutu, akazisafisha katika karakana ndogo chini ya jengo, na Jumamosi akaenda msituni nje ya mji kulenga shabaha pamoja na wazee wenzake. Hawakuwinda wala hawakujiandaa kwa lolote. Walijifurahisha tu na kushindana kwa utani, kama wengine wanavyocheza bao. Zilikuwa bunduki za kushindiliwa kwa mdomo: unamimina baruti, unafuatisha risasi ya mviringo kama gololi, unashindilia kwa mdeki, ufito wake wa chuma. Waswidi wana jina lao, lakini Baba alipoiona ya kwanza hakuhitaji kufundishwa. "Gobori," alisema. Babu yangu, baba yake, alikuwa mwindaji, na gobori lake lilijulikana mlima mzima.

Baba mwenyewe alikuwa seremala. Hapa Sweden alisukuma mashine ya kuosha sakafu katika maduka ya Skärholmen, lakini mikono ilibaki ya seremala, na Lennart alipojua hilo alimwita chini amwonyeshe gobori moja lililovunjika kitako. Baba alishuka na kupanda muda uleule. Akaenda bafuni kunawa mikono, akanawa tena.

"Anataka nimutengenezee bunduki," akamwambia Mama. "Mi bunduki niliziona za kutosha."

Mama aliitikia kwa kichwa. Kwetu hata kwenye televisheni, bunduki ikionekana, mtu alibadilisha kituo.

Kisha Papa Asukulu akaja. Alikuwa jirani yetu wa kijijini, aliyechelewa kutoka, na alikuwa ameletwa Sweden si muda mrefu, mji mwingine. Alisafiri kwa basi siku nzima kuja kutuona. Mama alipika vyote alivyokuwa navyo. Mimi nilikuwa zuliani nikitazama katuni, sikio moja kwa wakubwa, na nikamsikia Mama akiuliza swali alilomuuliza kila mtu aliyetoka kwetu.

"Na Wilondja wangu, hamukumuona?"

Papa Asukulu alizungusha kikombe mkononi. "Wilondja nilimuona, Mama."

"Sifa," Baba akasema haraka, "kwenda jikoni."

Nilikwenda, na huko jikoni nilicheza ngoma peke yangu, mfuniko wa sufuria kichwani, kwa sababu kaka yangu ameonekana. Nilipoitwa tena, Papa Asukulu alikuwa akivaa viatu. Chai yake ya maziwa ilikuwa imeota utandu. Mama alikuwa kwenye chumba kidogo akivua shuka za buluu ambazo alikuwa amezitandika jana yake.

"Alimuona mutoto wa mwingine," alisema kwa ukali, akimpita Baba kwenye korido na shuka kifuani. "Wangu ataingia pale mulangoni."

Nilikuwa mtu mzima nilipoelezwa yaliyobaki ya mazungumzo yale. Papa Asukulu hakumwona tu. Yeye na wengine wawili waliwazika kaka yangu na Bibi kando ya njia, na alikaa siku nzima ndani ya basi akifikiri namna ya kulisema.

Kesho yake Baba alishuka kwa Lennart bila kuitwa.

Hapa niwaambie jambo ambalo wakati ule sikulijua, msije mkapotea kama nilivyopotea. Kwa wawindaji wa upande wa Baba, na sijui kama ni kabila zima au ukoo wetu tu, mtu hajafa mpaka gobori limlilie. Akifa mwindaji, au mtu wa nyumba yake, bunduki hupigwa mara moja, baruti tupu bila risasi. Hapo ndipo wanawake wanapopiga yowe na matanga yanaanza. Aliyefia mbali hupigiwa vilevile, hata kama mwili haupo. Bunduki isipolia, yeye anahesabiwa yuko safarini, na mama yake ana haki ya kumwekea chakula. Kwa hiyo Baba na Mama walikuwa na vita yao, ya sauti ya chini. Baba alitaka kumzika mwanawe. Mama alitaka aendelee kuwa safarini.

Mimi niliambatana na Baba karakanani karibu kila siku baada ya shule. Palikuwa pa joto, pananukia mafuta ya kitani na chuma, na redio ya Lennart iliimba kwa sauti ya kunong'ona. Alikuwa amepata gogo la mti wa jozi, kavu, lenye mistari mizuri, na ndani ya gogo hilo Baba alipaswa kukitafuta kitako kipya. Kazi ilikwenda polepole kuliko nilivyoweza kuvumilia. Alipaka mtutu masizi ya mshumaa, akaulaza juu ya mti, akaukandamiza, akaunyanyua. Mahali palipobaki weusi ndipo patasi ilipoondoa unyoya mmoja wa mti. Halafu masizi tena. Chuma hakitakiwi kulazimishwa ndani ya mti, alinieleza, kwa sababu kikilazimishwa kitapasua siku ya kwanza kupigwa. Lennart alikaa kwenye kigoda akisugua kutu za vipande vidogo, na skrubu zilipomtoka vidoleni na kuviringika sakafuni mimi nilizikimbiza. Alikuwa akisema "lugnt, lugnt," taratibu, taratibu, na sikuwahi kujua kama anaiambia skrubu au mikono yake.

"Baba, hii ni ya nani?" niliuliza siku moja.

"Ya Lennart."

"Sasa unaihangaikia hivi kwa nini?"

Alipuliza vumbi la mti.

"Ni kwa ajili ya kaka yako," akasema.

Jioni hiyo mezani Mama alimnusa shati. Hakuinua sauti, lakini ugali wake haukuguswa.

"Usiilize ile bunduki, Baba Wilondja."

"Mama Wilondja..."

"Ukiiliza, umeniulia mutoto. Ni weye utakuwa umemuua. Si bale ba vita."

Baba alisukuma sahani yake, akatoka kwenda kusimama kwenye roshani bila koti. Nami nikaelewa kila kitu, kama watoto wanavyoelewa, yaani kombo. Wilondja ameonekana. Baba anatengeneza bunduki kwa ajili yake. Maana yake anakwenda kumtoa mikononi mwa waliomshika. Na Mama anaogopa nini? Anaogopa Baba akilenga vibaya atampiga Wilondja mwenyewe. Hofu hiyo niliiona ya haki kabisa, maana Baba hakuweza hata kusoma Biblia bila miwani.

Basi kila usiku, baada ya kuwaombea wote, niliongeza sala yangu fupi ya siri: Mungu mpe Baba shabaha.

Gobori lilipokamilika lilikuwa zuri, nawaambia kweli. Nilikipaka kitako mafuta kwa kiganja changu, tabaka juu ya tabaka, kikawa na rangi ya asali ya nyuki wadogo. Lennart, ambaye karatasi za bunduki zote zilikuwa kwa jina lake na aliyezifungia ndani ya kabati la chuma, alimkabidhi Baba gobori lile kwa mikono yote miwili. Baba akalipokea kwa mikono miwili pia.

"Mimi siwezi tena kulishika likatulia," Lennart akasema kwa Kiswidi cha polepole alichotutengea sisi. "Wewe utapiga. Mimi nitapiga domo."

Tukaanza kwenda msituni Jumamosi ndani ya Volvo yake kuukuu. Mama hakuuliza tunakwenda wapi. Kazi yake ilikuwa hospitalini Flemingsberg, kuwageuza na kuwaosha wagonjwa, na Jumamosi nyingi alichukua zamu. Uwanja wa shabaha ulikuwa kipande cha wazi kati ya misonobari, na kibanda, na wazee wenye kofia za sufu walioleta chupa za kahawa na soseji za kuchoma. Mimi nilivishwa vifunika masikio vikubwa vilivyonishuka hadi shingoni, nikakalishwa nyuma ya mstari ambao hakuna mtoto anayeuvuka. Kila mtu alipiga kwa zamu, akasubiri moshi uondoke, wakaenda wote kutazama karatasi na kucheka. Bunduki hizo zina moshi wa ajabu, mweupe, mzito, wenye harufu ile ya yai. Uliingia katika koti la Baba ukahamia humo.

Mara za kwanza risasi zilikwenda kupiga miti. Mimi nilifumba macho, nikimwona Wilondja nyuma ya kila mti. Halafu mkono wa Baba ukapata jambo fulani, sijui ni la seremala au la mwana wa mwindaji, na matundu yakaanza kusogea katikati. Kabla ya kiangazi kwisha alishinda mara ya kwanza. Zawadi ya wazee wale ni kijiko kidogo cha fedha, ndiyo desturi ya walenga shabaha wa huku, na Baba alikileta nyumbani kwenye mfuko wa shati. Mama alikipokea, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akakiweka kwenye droo.

"Wilondja atakorogea chai," alisema.

Baba alikwenda kulala mapema siku hiyo. Mimi nilifurahi, kwa sababu kwa hesabu zangu shabaha ilikuwa imeiva na safari imekaribia.

Mashindano ya mwisho wa mwaka yalikuwa vuli, majani yameanguka, mvua nyembamba ikija na kuondoka. Wazee walikuwa wengi kuliko kawaida. Kila mlengaji alikuwa na risasi zake kadhaa, na Lennart, ambaye alishika darubini na kusoma matokeo kwa sauti ya dereva anayetaja vituo, alizidi kunyanyua sauti kila zamu ya Baba ilipofika. Katikati. Karibu na katikati. Katikati. Wazee wakaanza kumpigapiga begani. Mmoja akamwambia aende kwao Dalarna akafundishe watu. Ikabaki risasi moja. Akiipata hata pembeni tu, kijiko ni chake.

Baba alirudi nyuma kwenye meza ya kushindilia, nilipokuwa mimi. Nakumbuka alivyopangusa mikono kwenye suruali. Akamimina baruti mdomoni mwa gobori. Akaweka kipande cha kitambaa kilichopakwa mafuta, cha kuzungushia risasi. Akachukua risasi kutoka kwenye kopo, mviringo, ya kijivu, akaitazama, kisha akafungua kiganja changu akaiweka humo, na kukifunga kwa vidole vyake.

"Shika. Umupelekee mama yako. Usiangushe."

"Na hii utapiga na nini?"

Alishindilia kitambaa juu ya baruti tupu, taratibu, mdeki ukipanda na kushuka, kisha akaenda kwenye mstari. Hapo alifanya jambo ambalo hakuna mlengaji anayelifanya katika mvua: alivua kofia, akaiweka chini karibu na mguu. Alinyanyua gobori kama wengine, akalenga karatasi kama wengine, kwa sababu sheria ya pale hairuhusu kuelekeza mdomo juu. Midomo yake ilitembea. Nilidhani anahesabu.

Lililia. Sijui namna nyingine ya kusema. Sauti ilikuwa pana kuliko za mwanzo, haikuwa na ule mlio mkali, ikazunguka msitu na kurudi, na moshi ukamfunika Baba mzima. Kwa kawaida mlengaji hutoka kwenye moshi kwenda kuona alichopata. Baba alibaki humo humo mpaka ukamwachia wenyewe.

Lennart alichungulia kwenye darubini kwa muda mrefu. "Hakuna kitu," akasema mwishowe. Wazee wakaguna kwa huruma. Akamfuata Baba, akasema kwa sauti ndogo, "Ulisahau kutia risasi?"

"Hapana," Baba akasema. "Sikusahau."

Lennart alimtazama usoni, kisha akaitazama kofia pale chini. Naye alikuwa amezika. Aliiokota kofia kwa mkono wake wenye kutetemeka, akaikung'uta majani, akampa. Kijiko alikichukua mzee mwingine, na tukaondoka kabla ya soseji.

Njia nzima nilikaa kiti cha nyuma nimekumbatia ngumi yangu. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nimeipata tena. Nilikuwa nimelitatua fumbo: Baba amefikia shabaha ya kutosha, hana haja ya vijiko tena, na risasi hii ameitunza kwa ajili ya kazi yenyewe. Anamtumia Mama ishara kwamba muda umefika. Na aliyechaguliwa kuipeleka ni mimi.

Bredäng sikungoja lifti. Nilipanda ngazi zote kwa mbio, nikamkuta Mama mlangoni kwetu anatoka tvättstuga, shuka za buluu mikononi, bado zina joto la mashine.

"Mama! Baba hakuipiga! Ameitunza!" Nikafungua kiganja.

Risasi ilikuwa imeacha duara la kijivu kwenye ngozi yangu. Mama aliitazama. Akanusa nywele zangu, maana moshi ulikuwa umenifuata. Shuka zilianguka kwanza. Halafu yeye akashuka polepole, mgongo ukiteleza ukutani, akakaa sakafuni kwenye korido ya ghorofa ya sita.

Kwetu, risasi ambayo haikutiwa ndiyo anayopelekewa mama wa marehemu. Ndivyo anavyoambiwa. Hakuna anayetamka neno, kwa sababu hakuna anayeliweza.

Mama aliichukua kutoka mkononi mwangu, akaifumba kwenye ngumi yake, akapiga yowe. Sikuwahi kusikia sauti hiyo kabla wala sijaisikia tena, hata mwaka huu. Milango ya majirani ilifunguka mmoja baada ya mwingine. Bibi mmoja Mswidi alitoka na simu mkononi akiuliza apige wapi. Lifti ikafika, Baba akatoka, kofia mkononi, akasimama hapo hapo asiweze kusogea. Nami, kwa sababu nilijua Mama analilia nini, nilimshika shingo nikamwambia kwa nguvu ili anisikie:

"Usilie, Mama. Baba shabaha yake ni nzuri. Hatampiga Wilondja. Hatampiga!"

Hapo ndipo Baba alipopiga magoti.

Watu wa kanisa walianza kufika kabla ya giza, wengine na magodoro, wengine na masufuria. Makochi yalisukumwa, watu wakalala chini, nyimbo zikaimbwa kwa Kiswahili cha kila upande. Lennart alipanda na trei ya mikate ya mdalasini, akavua viatu, akakaa sakafuni na wanaume kwa soksi zake, akakaa mpaka magoti yakamkataa na ikabidi anyanyuliwe. Niliambiwa kwamba kaka yangu hatakuja. Niliitikia "ndiyo," lakini mimi nilikuwa nimeishika risasi kwa mkono wangu, na nilijua wakubwa hawa wamechanganya mambo.

Matanga yalipoanuliwa na nyumba ikabaki yetu, Mama alinichukua kwenye chumba kidogo. Alitandika shuka za buluu, akazinyoosha vizuri pembeni, akakunja blanketi.

"Panda," akaniambia. "Kuanzia leo utalala hapa."

"Na Wilondja akija atalala wapi?"

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Macho yake yalikuwa madogo kwa kulia, lakini uso ulikuwa umelegea, kama mtu aliyetua mzigo na bado mabega yanauma.

"Kitanda kimechoka kulala peke yake, mama," akasema. "Ukilalie weye."

Nikapanda. Nililala ukutani kabisa, mgongo kwenye baridi ya ukuta, nikamwachia nafasi. Nililala hivyo miaka mingi, hata baada ya kuelewa. Mume wangu mpaka leo hucheka kwamba ameoa mtu anayelala kama ameazima kitanda.

Lennart alitangulia zamani. Gobori lilichukuliwa na mpwa wake, kama ilivyokuwa haki yake, na hatukujua lilienda wapi. Kwa hiyo Baba, mwana wa mwindaji, tulipomzika hakuna kilicholia. Nilimwona Mama pale kaburini akitega sikio, akitazama miti, kisha akaniomba mkono twende.

Juzi, nilipokwisha kupangusa pazia, nilimpigia simu. Nilitaka tu kusikia sauti yake. Nikajikuta namweleza kila kitu: soksi, maji kukauka, kishindo, harufu jikoni.

"Yai?" akauliza.

"Yai, Mama."

Alianza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na ndani ya kikohozi nikasikia kilio. Nilingoja.

"Basi bunduki imelia," akasema. "Mi tangu tumuzike nalalaka ku pembeni ya kitanda. Leo nitajaribu ku katikati."